Mwalimu anataka binti yangu awe bingwa wa pipa: je, kuna maisha huko?

Swali: "Tunaishi Guangzhou kwa ajili ya biashara. Binti yetu ana miaka 11. Shuleni kwake amefundishwa pipa kwa miaka miwili na nusu, na juzi amefaulu mtihani wa daraja la 5 wa ala hiyo. Mwalimu anasema mkono wake ni mzuri na tumpeleke njia ya kitaalamu. Baba yake anasema huo ni mchezo wa utotoni, usije ukala masomo yake. Kwani bingwa wa pipa anafikaje huko, na riziki yake inatoka wapi? Na sisi tufanye nini sasa? Mama wa Kitanzania."

Salaam, mama. Kwanza jina, maana Kiswahili nacho kina pipa lake la maji. Ala hii ni pipa ya nyuzi nne, na jina la Kichina latokana na mapigo mawili ya mkono wa kulia: pi ni kupiga kwenda mbele, pa ni kurudisha nyuma. Humu nitaandika "pipa ya" na "pipa za", ili tusichanganye.

Mwalimu anaweza kuwa na haki kuhusu mkono, na baba akawa na haki kuhusu kazi. Mkono wa mtoto wa miaka 11 unasomeka: mwalimu mzoefu huona kama vidole viko huru, kama sikio linakataa noti iliyopotoka, kama mtoto anarudia mstari mgumu bila kusukumwa. Kazi ya bingwa haisomeki hapo. Inaamuliwa baadaye sana, mtu akiwa na miaka 20 na kitu au 30, na jambo ambalo hakuna mtihani wa daraja unaolipima: je, watunzi wanaandika muziki mpya kwa ajili yake? Kasi ya vidole wanayo wengi. Muziki ulioandikwa kwa jina lako wanao wachache mno, na hao ndio dunia inawaita mabingwa.

Ili hilo lieleweke, inafaa kujua kazi hii ilizaliwaje, kwa sababu ni changa kuliko ala yenyewe.

Ukiwahi kuona udi wa taarab, umemwona binamu wa pipa. Angalia kichwa cha udi kilivyovunjika kuelekea nyuma. Pipa yenye shingo ya namna hiyo iliingia China kutoka Asia ya Kati kwenye karne ya 4 hivi. Enzi ya Tang (karne ya 7 hadi ya 10) ililazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha mbao, kama udi unavyopigwa kwa risha. Baadaye Wachina wakaisimamisha wima na kuacha ile risha, vidole vikafanya kazi yote. Katika mji wa Quanzhou, wapigaji wa muziki wa nanyin bado wanailaza.

Lakini kwa karne nyingi, aliyeipiga vizuri mara nyingi alikuwa ama msomi mwenye kazi nyingine, ama maskini wa mitaani. Mfano wa upande wa kwanza ni Lin Shicheng, aliyezaliwa mwaka 1922 karibu na Shanghai, mrithi wa mtindo uitwao Pudong. Alikuwa tabibu wa dawa za Kichina. Mwalimu wake, Shen Haochu, naye alikuwa tabibu. Mwaka 1956 Konsavatori Kuu ya Muziki, yaani chuo cha muziki cha taifa, ilimwita Lin kufundisha, na ndipo pipa ikawa mshahara wake. Upande wa pili yuko Abing, kipofu wa Wuxi aliyepiga barabarani. Mwaka 1950 wataalamu wawili, Yang Yinliu na Cao Anhe, walimfuata na mashine ya kurekodia kwenye waya. Wakapata vipande sita tu, vitatu vya erhu, fidla ya Kichina ya nyuzi mbili, na vitatu vya pipa. Mwaka huohuo kabla haujaisha, Abing akafariki. Leo kila mwanafunzi wa erhu au pipa nchini China anavijua vipande hivyo.

Kwa hiyo "bingwa wa pipa" kama kazi yenye shule, vyeti na majukwaa kwa kiasi kikubwa ni jambo la miaka ya 1950 kuja huku. Ala yenyewe ilibadilishwa ili itoshe kumbi kubwa: nyuzi za hariri zikaondolewa, zikaja za chuma, zile nene zikazungushiwa nailoni. Kucha za asili haziwezi kupambana na chuma saa nne kwa siku, ndiyo maana binti yako anafunga kucha za bandia kwa plasta. Vijiti vya kukatia sauti navyo viliongezwa, leo kwa kawaida ni 6 vikubwa vya shingoni na 24 vya mianzi kifuani, vimepangwa kwa vipimo sawa na vya piano ili pipa iweze kukaa na okestra.

Sasa njia ya mtu mmoja, hatua kwa hatua. Nimemchagua Wu Man kwa sababu maisha yake yanaonyesha vizuri wapi mkono unaishia na kazi inaanzia.

Alizaliwa Hangzhou mwaka 1963 na alianza pipa akiwa na miaka 9. Alipofika 13 alifaulu usaili wa kuingia Konsavatori Kuu ya Beijing, wakati vyuo vya muziki vilipokuwa vikifunguka upya baada ya Mapinduzi ya Utamaduni. Magazeti ya nchi nzima yaliandika habari za usaili ule. Huko alifundishwa na Lin Shicheng huyohuyo na pia na Liu Dehai, ambaye mwaka 1979 alipiga koncheto ya pipa, yaani kipande ambacho ala moja huongoza mbele ya okestra, pamoja na okestra ya Boston ilipozuru China. Angalia hapo: mwalimu mmoja amebeba mtindo wa kale kutoka mkononi mwa tabibu, mwingine amesimama mbele ya okestra ya Kimagharibi. Mwaka 1987 Wu Man akawa mtu wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya pipa katika chuo kile. Hesabu miaka: kutoka kidole cha kwanza hadi shahada ile ni kama 15, na yote ilitumika kujenga mkono, sikio na hazina ya vipande vya kale.

Wengi wangesimama hapo, wakachukua kiti cha ualimu Beijing na kuishi kwa heshima. Yeye mwaka 1990 alihamia Marekani akiwa hajafika 30. Nchi ile haikuwa na okestra hata moja ya Kimagharibi yenye kiti cha pipa. Hakukuwa na koncheto za kuchukua rafuni. Vipande vya kale alikuwa navyo, lakini ukumbi wa watu wasiokijua kipande hata kimoja utaujaza mara ngapi kwa vitu vilevile?

Alichofanya ndicho ninachotaka mkikumbuke wewe na baba yake. Aliwatafuta watunzi, akakaa nao na ala mkononi. Mtunzi asiyeijua pipa huandika mambo yasiyopigika au, vibaya zaidi, huandika gitaa. Lazima mpigaji amwonyeshe: hapa uzi unavutwa sauti ikapanda, hapa nyuzi mbili zinasokotwa pamoja zikalia kama silaha, hapa vidole vitano vinafanya sauti moja ndefu, hapa huwezi kushika noti tatu kwa pamoja. Mwaka 1994 Tan Dun aliandika Ghost Opera kwa ajili ya Wu Man na kundi la nyuzi la Kronos. Ndani yake wapigaji wanatumia pia maji, mawe, chuma na karatasi, wanatoa sauti na kuhama mahali. Hakuna daraja la 10 linalokufundisha hayo. Mwaka 1997 Lou Harrison akamwandikia koncheto ya pipa na okestra ya nyuzi. Terry Riley alimwandikia yeye na Kronos, na Zhao Jiping koncheto mwaka 2013. Kila kazi mpya ilimfungulia okestra nyingine, kwa kuwa aliyetaka kuipiga alilazimika kumwalika aliyeandikiwa.

Mpigaji wa cello Yo-Yo Ma alipoanzisha mradi wa Silk Road mwaka 1998, Wu Man alikuwa miongoni mwa waasisi wa kundi lake. Albamu yao Sing Me Home ilipata Grammy mwaka 2017. Mwaka 2013 jarida la Musical America lilimteua mpigaji ala bora wa mwaka, mara ya kwanza kwa ala isiyo ya Kimagharibi. Yumo pia katika kundi la Aga Khan Master Musicians, ambako pipa hukaa jukwaa moja na ganuni, ileile unayoisikia kwenye taarab. Jambo jingine kubwa: alirudi vijijini China kuwasikiliza wapigaji wa kale, akawaleta wanamuziki wa vikaragosi vya kivuli wa Huayin, mkoani Shaanxi, kwenye majukwaa ya Marekani. Aliyekwenda mbali kiasi kile kwenye muziki mpya alirudi kuchota kwenye kisima cha zamani, na naona hiyo ndiyo sababu muziki wake mpya haukuwa mwepesi.

Sasa tushuke kwenye riziki, maana ndilo swali la baba. Wengi wanaomaliza konsavatori huishi kwa kufundisha, na kufundisha watoto kunalipa katika miji mikubwa ya China kwa sababu wanaojifunza pipa ni wengi. Wachache hupata kiti cha okestra ya ala za Kichina: Beijing, Shanghai, Guangdong, Hong Kong, Taipei na Singapore zina okestra za mshahara. Ila okestra yenye watu 80 huhitaji wapigaji wa pipa wanne, watano hivi, na aliyekaa kile kiti hukikalia miaka mingi. Wapo wanaorekodi muziki wa filamu. Suzhou wapo wasimulizi wa pingtan, ambao mmoja hushika sanxian, ala ya nyuzi tatu, na mwingine pipa, wakaimba na kusimulia hadithi usiku baada ya usiku. Hiyo ni kazi kamili yenye wapenzi wake, japo ina lahaja yake ya lazima. Bingwa wa peke yake anayeishi kwa majukwaa tu ni nadra, na hata yeye hufundisha. Kwa hiyo msimpangie binti kuwa Wu Man. Mpangieni elimu ya muziki ambayo ikiishia kwenye ualimu au okestra bado itakuwa maisha mazuri, na mlango wa juu ukifunguka awe na vya kuingia navyo.

Basi, miaka hii miwili ijayo. Jambo la kwanza ni lunzhi, yaani gurudumu la vidole. Ndiyo roho ya pipa. Uzi wa pipa ukipigwa mara moja hufa haraka, kwa hiyo ili sauti iwe ndefu vidole vitano hupiga kwa zamu: shahada, kati, pete, mwisho, kisha gumba, na mzunguko unaanza tena. Mtindo wa Pinghu huanza kwa kidole cha mwisho, lakini shule nyingi leo hufundisha kuanzia shahada. Watoto wa daraja la 5 mara nyingi huwa na gurudumu la haraka linalochechemea. Linasikika zuri chumbani, halafu ukumbini linageuka kelele.

Mpime hivi. Mwambie apige gurudumu refu kwenye uzi wa kwanza kwa sekunde 10, umrekodi kwa simu, kisha mcheze rekodi kwa nusu ya mwendo. Utasikia noti tano kwa kila duru. Zikiwa sawa kwa nguvu na kwa nafasi, mko salama. Ikisikika shimo baada ya gumba, gumba linachelewa kurudi, na mara nyingi chanzo ni kifundo cha mkono kilichopindwa nje. Ikisikika noti ya tatu hafifu, ni kidole cha pete, ambacho kwa maumbile hakiko huru na jirani zake. Dawa yake si kukilazimisha kupiga kwa nguvu, kwa maana hapo mkono mzima unakaza. Arudi kwenye metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, ikiwa 60, noti moja kwa pigo, kila kidole kikifunguka na kurudi chenyewe ndani ya kiganja kilicholegea kana kwamba kimeshika yai. Akiwa sawa, duru nzima kwa pigo moja, halafu duru mbili. Apande alama nne nne za metronomu, na asipande siku ambayo mkono umekaza. Dakika 15 kila siku za kazi hii zinazidi saa mbili za Jumamosi.

Kelele za plastiki zikizidi sauti ya uzi, angalieni kucha. Ncha ipite nyama ya kidole kwa milimita 3 hadi 5. Ikizidi hapo inakokota uzi na kuchelewesha kidole, ikipungua nyama inagusa uzi na sauti inafifia. Ukucha ukae kidogo upande wa kidole unaoelekea uzi, plasta isibane hadi ncha ya kidole ikabadilika rangi, na makali ya ncha yasuguliwe kwa msasa laini kila yakipata mkwaruzo. Kucha tano zinatofautiana unene. Gumba huhitaji gumu zaidi. Zikipata umbo linalofaa, ziandikieni namba kwa ndani, na awe na seti ya pili yenye umbo lilelile. Kuna watoto waliovuruga mtihani kwa sababu ukucha wa akiba ulikuwa mpya.

Kiti nacho. Mapaja yawe sawa na sakafu, nyayo zimekanyaga, pipa isimame kwenye paja la kushoto ikiegemea kidogo kushoto. Pipa ya mtu mzima ina urefu wa kama mita 1 na ubao wake wa nyuma ni mgumu na mzito. Kwa mtoto mfupi, bega la kushoto hupanda, shingo ikageuka kuangalia vijiti, na baada ya mwaka maumivu hukaa chini ya ukosi. Kama mabega hayako sawa akiwa anapiga, weka kibao chini ya miguu au mrudishe kwenye pipa ndogo kwa muda. Hakuna aibu ndani yake. Akilalamika maumivu ya kifundo, ya gumba au ganzi ya vidole, anasimama siku hiyohiyo. Uchovu wa misuli hupona kwa usingizi, lakini mshipa uliovimba kwa kulazimishwa unaweza kumtoa mwanafunzi kwenye njia hii kabisa. Umri wake unatosha dakika 90 kwa siku, zikikatwa vipande vya dakika 20 au 25.

Mkono wa kushoto hausifiwi sana na wazazi, kwa sababu hauna kasi ya kuonekana, lakini wapigaji wakubwa wanatambuana kwa huo. Nyuzi zimepangwa la, re, mi, la, kutoka nene kwenda nyembamba. Noti nyingi hazipatikani kwa kubonyeza tu: kidole kinabonyeza kisha kinausukuma au kuuvuta uzi upande, sauti inapanda, wakati mwingine noti nzima na zaidi. Noti iliyovutwa haina ladha moja na noti hiyohiyo ikibonyezwa kijiti cha mbele yake. Mwanafunzi ambaye hajui mwisho wa mvuto wake uko wapi husikika kama mtu anayeimba akitafuta sauti. Zoezi: abonyeze noti ya juu kwanza, aisikie, kisha arudi chini na kuifikia kwa kuvuta. Kabla ya kuvuta, aiimbe. Mtoto wa nyumba yenye taarab anaweza kuwa na faida hapa, kwani sikio limeshazoea sauti inayoteleza.

Hapo linafuata suala la vipande. Muziki wa kale wa pipa una pande mbili, wu wa vita na wen wa utulivu. Watoto na mashindano wanapenda wu, hasa Shimian maifu, kipande cha mapambano ya mwaka 202 kabla ya Kristo kati ya majemadari Liu Bang na Xiang Yu, chenye nyuzi zinazosokotwa na mapigo ya kufagia nyuzi zote nne. Kinapendeza jukwaani. Ila mtoto akijengwa kwa wu peke yake, anafika miaka 18 akiwa na mkono wa kulia wa chuma na mkono wa kushoto usiozungumza. Kwa kila kipande cha wu anahitaji kimoja cha wen, kama Saishang qu, na mwalimu amfundishe kwa kumwimbia, si kwa kumwonyesha namba tu. Yizu wuqu ya mwaka 1960 ni daraja nzuri kati ya pande hizo mbili, na huenda tayari ameshaionja.

Nimesema namba: shule nyingi hutumia maandishi ya jianpu, 1 hadi 7 kwa do hadi ti. Ni mazuri na ya haraka. Lakini akiwa na miaka 13 awe anasoma pia nota za mistari mitano bila kukwama, vinginevyo hawezi kukaa na kundi la nyuzi la Kimagharibi wala kupokea kazi kutoka kwa mtunzi wa nje. Wengi hujifunza hili wakiwa watu wazima, kwa shida kubwa. Nusu saa ya piano kwa wiki, ya kusoma tu, inatosha.

Kuhusu madaraja: huishia kwa kawaida 10, na si kipimo cha njia ya kitaalamu. Yanajaza mwaka mzima kwa vipande vitatu vinne vya mtihani. Mtoto wa miaka 11 anayekimbilia daraja la 10 kufikia 12 hupata cheti na mkono uliokaza. Ningeacha mitihani mwaka mmoja.

Shule sasa. Guangzhou mnayo Konsavatori ya Xinghai, yenye shule yake ya sekondari ya muziki. Shule za namna hii huchukua watoto kwa usaili wakiwa na miaka 12 hivi, na nyingi zina mlango mwingine kwenye 15. Ulizeni ofisi ya usajili mambo mawili kabla ya kumpeleka mtoto kwenye usaili: kama wanapokea mwenye pasipoti ya kigeni katika ngazi hiyo, na masomo ya kawaida yanafundishwa kwa saa ngapi. La pili ndilo la baba. Ngazi ya shahada, wageni kwa kawaida huomba kwa utaratibu wao, wakiwa na cheti cha lugha ya Kichina cha HSK na rekodi za vipande, na serikali ya China inatoa ufadhili wa masomo ambao Watanzania huomba. Kwa hiyo akikosa mlango wa 12 hajapotea. Abaki shule ya kawaida yenye hisabati na lugha nzuri, apate mwalimu wa konsavatori mara moja kwa wiki, na mlango wa 15 na wa 18 ubaki wazi.

Ala yenyewe: pipa za kujifunzia huuzwa kama yuan 1,000 hadi 3,000, na za kitaalamu hupanda hadi makumi ya maelfu. Msikimbilie nakshi za kichwani, hazitoi sauti. Kifua cha mti mwepesi wa paulownia ndicho kinachoimba, kwa hiyo mwalimu apige kila kijiti kimoja kimoja dukani, toka chini hadi juu, asikilize kama kuna mahali sauti inakufa au uzi unakwaruza. Mgongo huchongwa kwa miti migumu myekundu na myeusi. Hata mpingo wa kwetu upo katika orodha ya miti ya thamani ya China, na unauzwa kwa jina la zi guang tan. Mkisafiri na pipa ya mti wa jamii hiyo, wekeni risiti inayotaja jina la mti, na msinunue kabisa yenye pembe za ndovu: mtaikosa mpakani, na tunajua pembe zile zilitoka wapi.

Guangzhou ina majira ya kuta kutoa jasho, Februari hadi Aprili. Gundi hulegea, vijiti vya mianzi vikabanduka. Beijing ya baridi, yenye joto la ndani, hufanya kinyume: kifua kinapasuka. Kipima unyevu cha bei ndogo ndani ya kasha, kati ya asilimia 45 na 60, kinaokoa pesa nyingi. Kijiti kikibanduka asigandishe kwa gundi ya dukani. Mahali kikihama hata milimita 1, noti yote imeharibika.

Wiki hii, kabla ya kuamua lolote, mkamwone mwalimu wake mkiwa wote wawili. Mwombeni ampe binti Saishang qu, au sehemu yake moja ya polepole, kwa wiki sita, bila mtihani na bila shindano. Muulizeni pia yeye alifundishwa na nani, na katika mtindo upi. Mwalimu wa pipa mwenye mizizi hulijibu swali hilo kwa furaha, na atawatajia majina. Baada ya wiki sita, msikilizeni mtoto sebuleni mlango ukiwa umefungwa. Kama anasimama katikati na kurudia mvuto mmoja mara tano kwa sababu haujamridhisha yeye, wala hakuna aliyemwagiza, mpelekeni Xinghai akasikilizwe. Kama anakimaliza na kuifunga pipa ndani ya kasha, aendelee kama alivyo, akiwa na furaha yake, na mlango wa 15 mtautazama tena.